Beti Iliyochanika Shingoni: Uchambuzi wa Kisa cha Mfuko Mmoja wa Marisau

Kisa hiki nakiandika kwa mafundi wenzangu wa ngozi, hasa wale walioko ng'ambo ambao siku moja wataletewa mfuko wa marisau (punje ndogo za madini ya risasi) wa bunduki ya kushindilia, ile inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu, na kuulizwa kama unatengenezeka. Mwenye mali ameridhia kiandikwe. Jina lake, mji wake, chama chake na alama zilizochongwa kwenye chombo nimeviondoa. Vipimo na mfuatano wa mambo ni kama nilivyoviandika kwenye daftari langu la kazi, pamoja na mahali nilipokosea.

Usuli

Nimekulia pwani, katika nyumba iliyoishi kwa kushona makubadhi. Sasa nafanya kazi katikati ya Uingereza, si mbali na Walsall, mji ulioshona matandiko ya farasi kwa vizazi hata timu yake ya mpira ikabandikwa jina la watengeneza matandiko. Karakana yetu hushona hatamu, mikanda na mikoba. Kazi za zamani huja moja moja, na kwa kawaida hupelekwa kwa yeyote mwenye subira siku hiyo.

Mteja wangu ni mzee aliyepita miaka sabini, mlenga shabaha wa kopo za udongo zinazorushwa hewani, mwenye bunduki ya mitutu miwili ya kushindilia kwa mdomo iliyokuwa ya babu wa baba yake. Bunduki ni ya wakati wa fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, yaani ule muda mfupi wa karne ya 19 baada ya kiberiti cha jiwe na kabla ya risasi za kopo, zenye baruti yake ndani, kuenea. Pamoja na bunduki alirithi chupa ya baruti na mfuko wa ngozi wa marisau. Alitaka kuvitumia vyote, kwa sababu, kwa maneno yake, vitu hivyo vimekaa pamoja muda mrefu kuliko ndoa yoyote katika ukoo wao.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno la mfuko kama huu: beti. Ni kifuko cha ngozi cha kuwekea risasi au marisau, kinachofungwa kiunoni au kuning'inizwa begani. Neno hili limefifia kwa sababu kitu chenyewe kimefifia, lakini bunduki za kushindilia ziliingia Unguja kwa wingi katika karne ya 19, na gobore bado linajulikana vijijini Tanzania. Nitatumia neno beti humu. Ni fupi, na ni letu.

Beti yenyewe

Beti ya Kiingereza ya wakati ule ina umbo la peya: tumbo pana chini, shingo nyembamba juu. Ni vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa ubavuni. Shingoni kuna pete ya shaba yenye hesi (mizunguko ya skrubu) ndani, na kwenye hesi hiyo hufungwa kichwa cha kupimia. Vichwa vingi vya aina hii vilitoka Sheffield, kwenye viwanda kama James Dixon & Sons na G. & J. W. Hawksley.

Kichwa ndicho sehemu yenye akili. Ni bomba fupi lenye vilango viwili vya bati, kimoja upande wa mfuko na kingine mdomoni, vinavyoendeshwa na wenzo mmoja wenye springi. Ukiinamisha beti kichwa chini, kilango cha ndani kiko wazi na cha mdomoni kimefungwa, kwa hiyo marisau hujaza bomba. Ukibonyeza wenzo, cha ndani hufunga na cha mdomoni hufunguka, na kipimo kimoja tu humwagika mtutuni. Ukiachia, mambo hurudi yalivyokuwa. Bomba lina alama za aunsi 1, aunsi 1 na moja ya nane, na aunsi 1 na robo.

Mteja wangu alitumia aunsi 1 na moja ya nane, karibu gramu 32. Kwa marisau ya Kiingereza namba 6, hiyo ni punje kama 300. Beti yake ikijaa ilichukua paundi 3, karibu kilo 1.4. Uzito huo wote hukaa mahali padogo kama kikombe cha chai, kwa sababu risasi ni nzito kupita unavyodhani mpaka uishike. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa kizima kinageukia hapo: kikombe kimoja cha uzito, kinachoning'inia kwenye shingo ya ngozi nyembamba, kinachopinduliwa kichwa chini kila mara mtutu unapojazwa.

Nilichokiona mezani siku ya kwanza

Niliiweka beti juu ya karatasi nyeupe kabla ya kuigusa sana. Hii ni desturi yangu kwa ngozi yoyote ya zamani, na ilinipa jibu kabla sijauliza. Nilipoinyanyua, karatasi ilikuwa na unga mwekundu, kama vumbi la matofali, kwa umbo la tumbo la beti. Vidole vyangu navyo vilikuwa vyekundu.

Unga huo ni dalili ya uozo mwekundu. Ngozi iliyopikwa kwa magome ya miti, yaani iliyotiwa dawa ya magome ili isioze, ikikaa miongo mingi kwenye hewa yenye moshi wa makaa ya mawe na gesi ya taa, hufyonza gesi ya salfa ambayo hugeuka kuwa asidi ndani ya nyuzi zake. Michael Faraday aliuchunguza uharibifu wa namna hii London katika miaka ya 1840, pale ngozi za vitabu na viti zilipoanza kumeguka kwenye vyumba vilivyowashwa taa za gesi. Asidi hukata nyuzi za ngozi vipande vipande. Kwa macho ngozi bado ni ngozi. Kwa nguvu ni karatasi iliyokauka. Na hairudi nyuma.

Kuzunguka pete ya shaba kulikuwa na utando wa kijani, laini kama nta. Mteja alinieleza kuwa kila mwaka, tangu alipoirithi, aliipaka mafuta ya kwato za ng'ombe ili isikauke. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini asidi za mafuta hula shaba na kuzaa ule utando, na mafuta hayaungi nyuzi zilizokatika.

Ndani, chini ya tumbo, kulikuwa na marisau machache ya zamani yaliyovaa ukoko mweupe. Hiyo ni kutu ya risasi, inayoletwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye ngozi yenyewe. Ni sumu. Niliyatoa nikiwa na glavu na barakoa, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo kwenye shaba tu, na chai yangu nikainywea chumba kingine. Fundi anayefagia vumbi hilo kwa ufagio mkavu anaipeleka risasi mapafuni mwake.

Mwisho nilidondosha tone la maji, dogo kama kichwa cha pini, kwenye ukingo wa ndani wa shingo. Lilinyweka papo hapo na mahali pale pakawa peusi na pagumu. Ngozi nzima ya magome hulowa, hulainika, kisha hukauka na kurudi. Ngozi iliyooza huungua kwa maji. Maana yake ni kwamba shingo ile haikuweza kuloweshwa, na shingo isiyoloweshwa haiwezi kufungwa upya kwenye pete kwa namna ya asili.

Kufikia hapo nilikuwa na kila nilichohitaji ili kusema hapana.

Uamuzi wa kwanza: kiraka

Sikusema hapana. Nilimwambia kuwa ngozi imechoka, kwamba ningejaribu, na kwamba sitoi dhamana. Ukisikiliza vizuri, maneno hayo ni ruhusa iliyovaa nguo ya onyo. Mzee alikuwa na mashindano madogo ya chama chake baada ya wiki sita, na alitaka kwenda na vyombo vyote vya babu. Nilimwonea huruma. Pia, niseme ukweli, nilivutiwa na kazi yenyewe.

Nilichofanya kilikuwa hivi. Niliutoa utando wa kijani kwa kijiti cha mti na pamba. Niliipaka ngozi yote haidroksipropili selulosi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, dawa ambayo watunza vitabu vya kale hutumia kwa uozo mwekundu, kwa sababu huushika unga bila kuleta maji. Kisha nikatia bitana ndani ya shingo: kipande cha ngozi ya mbuzi, nyembamba, iliyopikwa kwa magome, kilichoshuka sentimita 4 chini ya pete na kugandishwa kwa gundi isiyo na maji. Juu nikafunga shingo kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, mizunguko 18, nikipita kwenye mfereji uleule wa zamani wa pete.

Nilichagua bitana badala ya kiraka cha nje ili sura isibadilike. Nilichagua ngozi ya mbuzi kwa wembamba na ugumu wake wa kuchanika. Kila uamuzi peke yake ulikuwa na sababu nzuri.

Kabla ya kumrudishia, niliijaza paundi 3 za marisau nikaitundika usiku kucha. Asubuhi haikuwa imesogea hata unywele. Nikaandika kwenye daftari: imefaulu.

Yaliyotokea uwanjani

Mzee aliitumia mara nne bila shida. Mara ya tano, wakati wa mazoezi, alimimina baruti, akashindilia kizibo, akamimina marisau, akatia kizibo chembamba juu na kusukuma mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Mdeki wake una alama iliyochongwa: shehena ikiwa sahihi, alama hulingana na mdomo wa mtutu. Siku hiyo alama ilichomoza karibu milimita 7.

Hakutia fataki. Aliilaza bunduki mahali pa usalama, akamwita msimamizi wa uwanja, akaitoa shehena kwa parafujo ya mdeki na kuipima. Marisau yalikuwa gramu 45 badala ya 32. Mtutu wa zamani unaweza kuistahimili ziada hiyo, na unaweza kutoistahimili. Vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyoushika mtutu mahali unapoweza kupasuka.

Alirudi kwangu siku iliyofuata. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Nilianza kufungua kichwa. Mkono wa kushoto ulishika tumbo la beti, wa kulia ukazungusha kichwa kuelekea kushoto, robo ya mzunguko tu. Nikasikia mlio kama wa bahasha inayofunguliwa. Pete, uzi wangu na bitana yangu vilibaki mkono wa kulia, vikiwa vizima kabisa. Tumbo lilibaki kushoto. Paundi mbili na zaidi za marisau zilimwagika juu ya meza, zikaruka sakafuni, na kwa muda mrefu baada ya sisi wawili kunyamaza bado punje zilikuwa zinabingirika chini ya makabati. Tulizikusanya kwa sumaku ya fedheha, yaani kwa vidole, tukiwa tumepiga magoti wote wawili.

Mchaniko ulikuwa umepita sawasawa kwenye ukingo wa chini wa bitana, kuzunguka shingo yote.

Ndani ya kichwa, kwenye mfereji wa kilango cha ndani, nilikuta vipande vya ngozi nyekundu vilivyomeguka. Kilango kilikuwa hakifungi mpaka mwisho. Kwa hiyo alipobonyeza wenzo, mlango wa mdomoni ulifunguka huku wa ndani ukiwa bado na upenyo, na marisau yakaendelea kushuka kutoka mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ziada ya gramu 13.

Uamuzi wa pili: mifuko miwili, kichwa kimoja

Mara hii niliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa mwanzoni. Nilimuuliza: kati ya mambo haya mawili, lipi ungesikitika zaidi kulikosa, kulenga kwa kipimo cha babu au kuushika mfuko wa babu? Alifikiri kwa muda. Akasema kipimo, yaani kichwa, kwa sababu wenzo umelika kwa kidole gumba cha babu na yeye huweka kidole chake palepale. Mfuko alitaka tu usipotee.

Kumbe vilikuwa vitu viwili tangu mwanzo, na mimi nilivitengeneza kama kimoja.

Tulikubaliana hivi: beti ya zamani itatulizwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, isibebe marisau tena. Nitashona beti mpya ya kufanyia kazi. Kichwa cha babu kitafungwa kwenye beti mpya. Kwa kuwa pete ya zamani ilipaswa kubaki na ngozi yake, tulihitaji pete mpya yenye hesi ileile. Hesi za vichwa hivi hazifuati kipimo kimoja. Ya kiwanda hiki haiingii kwenye ya kile. Mkereza vyuma mmoja wa jirani aliipima ya zamani, akakereza pete ya shaba ya majaribio, ikakaza nusu njia, akakereza ya pili. Hiyo ikaingia kwa ulaini. Gharama ya pete ilizidi ya ngozi, na mteja aliambiwa hivyo kabla. Kazi yangu ya mikono ya mara ya pili sikuitoza.

Kushona beti mpya

Nilitumia ngozi ya ndama iliyopikwa kwa magome, unene milimita 1.6. Ngozi ya kromu, iliyopikwa kwa chumvi za kromu badala ya magome, ni laini na haiogopi maji, lakini haishiki umbo ikifinyangwa. Magome yanayotumika siku hizi mara nyingi ni ya miwati, mti uleule unaopandwa Njombe kwa ajili hiyo. Napenda kuitaja Njombe kila ninaponusa ngozi hii.

Kiolezo nilikitoa kwenye karatasi kutoka beti ya zamani, nikaongeza milimita 6 kuzunguka kwa ajili ya mshono. Hapa palikuwa na chaguo kubwa. Ya zamani ilishonwa ndani nje kisha ikapinduliwa kupitia shingoni, ili mshono ufichike. Nilijaribu njia hiyo kwenye kipande cha majaribio. Shingo ya upana wa pete ile ni finyu mno kwa ngozi ya milimita 1.6, ngozi ilipasuka usoni wakati wa kuipindua. Ningeweza kutumia ngozi nyembamba zaidi, kama walivyofanya wenyewe, lakini nilitaka unene huo kwa ajili ya shingo. Nikaamua mshono ubaki nje, ukiwa na ukanda mwembamba wa ngozi katikati ya vipande viwili. Ukanda huo hufanya kazi moja kubwa: marisau yakisukuma kutoka ndani, husukuma ukanda, hayausukumi uzi.

Nilitoboa kwa msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, tundu kwa tundu, mishono 9 kwa inchi, nikashona kwa uzi wa kitani na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Uzi mmoja ukikatika, wa pili hubaki umeshika. Pembeni nilisugua kwa nta na kijiti mpaka kingo tatu zikaonekana ni moja.

Kisha kufinyanga. Ngozi ililoweshwa mpaka ikawa nyevu, si ya kudondosha maji, nikajaza mchanga mkavu kidogo kidogo huku nikishindilia kwa mpini wa nyundo mpaka tumbo likavimba. Kuna wanaojaza marisau yenyewe. Mimi sishauri: ngozi iliyolowa maji na risasi haviendani, ngozi huingia madoa na risasi huanza kuvaa ule ukoko mweupe hata kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Nafaka nayo hunywa maji ikavimba. Mchanga umekaa siku mbili, nikaumwaga, nikapangusa ndani kwa kitambaa mpaka kisitoke na chembe.

Ikabaki shingo. Niliwaza sana, nikampigia simu mjomba wangu, ambaye zamani aliwamba ngoma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini, mbona saa hizi?"

Nikamweleza shingo, pete, uzito. Akasema, "Ngozi ifunge ikiwa maji. Ikikauka itajikaza yenyewe, hutaitoa hata kwa koleo."

Nikafanya hivyo. Nilipunguza unene wa shingo mpaka milimita 1 hivi, nikailowesha, nikaivika kwenye pete na kufunga mizunguko 22 ya uzi wa nta. Ndani sikupaka mafuta yoyote. Mafuta hushikamanisha punje, na hurudisha utando wa kijani.

Matokeo

Majaribio ya mara hii yalikuwa tofauti. Niliijaza, nikaipindua kichwa chini na kuirudisha mara 200, kwa nguvu ya kawaida ya mtu aliye uwanjani. Nikapima vipimo 50 mfululizo kwenye mizani. Karibu vyote vilikuwa ndani ya gramu moja ya 32.

Mwezi wa kwanza ulipita, mzee akanipigia: pete inacheza. Haikuvuja, lakini ukishika tumbo na kuzungusha kichwa, pete ilizunguka kidogo ndani ya shingo. Nilimwambia asiitumie hata siku moja zaidi. Ilipofika niliona uzi umelegea wote kwa pamoja, bila kukatika. Nikampigia tena mjomba. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ngozi yenyewe ni mbichi au imepikwa?"

"Imepikwa, mjomba. Kwa magome."

"Basi nisamehe. Mimi nilikuwa nasema ya ngoma. Ya ngoma haipikwi."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na halikuwa lake. Ngozi mbichi ya ngoma ikikauka hujivuta na kuwa ngumu, nayo huvuta vigingi. Ngozi iliyopikwa ikikauka hunywea unene kidogo chini ya uzi, na uzi hubaki umezunguka kitu chembamba kuliko ulichofunga. Niliukata uzi wote, nikaacha shingo ikae kwenye umbo lililokwisha kukauka juu ya pete, nikafunga upya ngozi ikiwa kavu, kila mzunguko ukivutwa kwa kijiti. Juu nikazungusha waya mwembamba wa shaba, ncha zake zikiingia chini ya uzi.

Tangu hapo umepita mwaka na miezi. Pete haichezi.

Uchambuzi

Bitana ilifeli kwa sababu ilikuwa na nguvu. Wanaoshona nguo wanajua: kanga kuukuu ukiitia kiraka kipya, huchanika pembeni mwa kiraka. Kabla ya bitana, mvuto wa marisau ulitawanyika kwenye shingo yote, ngozi dhaifu ikijipinda hapa na pale. Nilipoifanya sehemu ya juu kuwa ngumu, mvuto wote ukakusanyika kwenye mstari mmoja, ukingo wa bitana. Kila alipopindua beti, mstari uleule ulikunjwa. Ningechonga ukingo ule upotee polepole badala ya kukatika ghafla, ungedumu zaidi. Lakini ngozi ile isingekuwa na siku nyingi kwa vyovyote, na nisingependa msomaji aondoke akidhani tatizo lilikuwa ufundi wa bitana tu.

Jaribio langu la kwanza lilipima kisichotokea. Hakuna anayetundika beti usiku kucha. Kinachotokea ni kupindua, kutikisa, na kuzungusha kichwa wakati wa kujaza. Uzito uliotulia na uzito unaoangukia shingoni mara arobaini kwa siku ni vitu tofauti kabisa. Nikiletewa beti leo, naipindua kabla ya kuiandika neno lolote.

Hatari kubwa zaidi sikuiona kabisa. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kumwagika, na kumwagika ni hasara ya marisau. Vipande vya ngozi kwenye kilango ni hatari ya mkono. Mfuko na kichwa nilivichukua kama kazi mbili, ya ngozi kwangu na ya chuma kwa mwingine, ilhali unga wa ngozi ulikuwa unaanguka moja kwa moja kwenye chuma. Kilichomwokoa mzee ni alama ya mdeki na tabia yake ya kuiangalia kila mara. Hilo halikutokana na kazi yangu hata chembe.

Kuhusu mjomba: ushauri wake ulikuwa sahihi kwa ngozi aliyoijua. Nilipaswa kumpa jina la ngozi kabla ya kumpa swali.

Na dawa ya spiriti ilifaa. Naisema hivi kwa sababu baadhi ya mafundi waliosikia kisa hiki walidhani dawa ndiyo iliyofeli. Haikufeli. Inashika unga, inazuia beti kupaka mikono ya watu, na kwa kitu cha kuwekwa kabatini hiyo inatosha. Haikuumbwa kubeba paundi 3.

Beti ya zamani sasa imo kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, tumbo limejazwa karatasi laini ili lisibonyee, shingo imeegemezwa juu ya pete bila uzi wala gundi. Ndani ya sanduku kuna kadi mbili. Moja inasema isitiwe marisau. Ya pili ina kipimo cha hesi, kwa mwandiko wa mkereza, ili fundi atakayetafutwa na wajukuu asilazimike kukereza pete mbili.